Kijani cha Zeituni Juu ya Njano

Mkewe alipotoka tu kwenda kliniki na dada yake, Baridi alifungua chumba kidogo cha mwisho wa korido. Alikuwa fundi wa mafriji, ndiyo asili ya jina hilo, na watu walipenda kusema hata akili yake haipati moto. Siku hiyo kifuniko cha kopo la rangi kilimshinda mara mbili.

Kuta zilikuwa za njano. Walizipaka wote wawili, wakitaniana, wakingoja mtoto ambaye hawakurudi naye kutoka hospitali. Safari hii, mimba ya pili, mkewe alishasema: "Hatununui kitu. Hatugusi kitu. Mpaka nimshike mkononi." Baridi aliitikia, lakini ile njano ilimsumbua hata mlango ukiwa umefungwa.

Dukani alikuwa ameomba rangi "isiyo ya watoto." Muuza rangi akamchanganyia kijani cha zeituni, chenye udongoudongo ndani yake. "Hii hata sebuleni inakaa," alimwambia. Hicho ndicho Baridi alichotaka: chumba ambacho kikibaki kitupu hakitamsuta mtu.

Mkono wa kwanza wa rangi ulimvunja moyo. Njano ilichungulia kila mahali, ukuta ukawa kama una ukurutu. Akafungua dirisha, akampigia mkewe simu. Haikupokelewa. Akampigia shemeji yake. Vilevile. Kliniki haijawahi kuchukua muda wote huo. Ukuta ulipokauka akashika rola tena, maana akikaa bure atapata wazimu.

Geti likalia. Shemeji alitangulia kuingia, na Baridi akamkazia macho usoni.

"Mbona hampokei simu?"

"Mle ndani hawaruhusu. Walitaka kusikiliza mapigo tena, mashine yao ndiyo mbovu. Mtoto mzima. Usinitolee macho, shemeji." Kisha akanusa. "Harufu ya nini hiyo?"

Mkewe alikuwa tayari mlangoni pa chumba, mtandio puani.

"Ni chumba tu," Baridi alianza, maneno yakikimbizana. "Sijaleta kitanda, sijaleta chochote. Tunaweza hata kuweka makabati. Kama hukitaki—"

"Hebu nyamaza kidogo."

Baridi akaweka rola chini.

"Nilikuwa naingia humu ukienda kazini," mkewe alisema. "Nakaa chini, naitazama ile njano. Halafu nafunga."

Baridi aliutazama ukuta. Hakuwahi kujua. "Na mimi nimeifuta."

"Umeifuta."

Machozi yakamtoka mkewe, na dada yake akamshika bega amwondoe kwenye ile harufu. Alikubali kuondoka, ila alisimama hatua chache mbele akageuka.

"Pale juu ya dirisha bado. Maliza, baba. Sitaki kuiona nusunusu."

Alimaliza huku akifuta macho kwa kiwiko, mpaka kope zikawa za kijani.

Mtoto, wa kike, aliwahi kuliko walivyotarajia. Nyumbani hapakuwa na hata nepi moja, na shemeji alizunguka madukani akiwalaumu wote wawili kwa sauti. Miezi yote ya mwanzo mama alikataa kabisa mtoto alale mbali na mkono wake. Kwa hiyo chumba cha zeituni kilipewa godoro, akahamia Baridi, aliyefukuzwa kitandani kwa sababu ya kukoroma.