Miche ya Katani

Kipaza sauti kilitangulia gari lenyewe. Kilikuja kikikoroma kutoka upande wa reli, kikapotea nyuma ya nyumba, kikarudi tena, Habakuki bado yuko ndani ya chandarua: "...Wakazi wa Bondeni... leo ndiyo siku ya ukaguzi... leo ndiyo siku..."

"Haya, wamekuja," mama yake akasema kutoka chumba cha pili. "Amka, mwanangu. Kaangalie, mvua ya usiku isije ikawa imeilaza katani yetu."

Bibi Grasiana, mama yake Habakuki, hakuwa akiona tena. Macho yalimwacha polepole, moja kwanza, kisha la pili. Masikio yalibaki, na masikio hayo ndiyo yaliyolinasa tangazo la kwanza, masika yalipokaribia: kila mwenye nyumba Bondeni achimbe shimo la kumeza maji ya mvua, apande miche ya katani kando ya mtaro. Atakayetimiza, nyumba yake itaachwa. Atakayepuuza, itavunjwa kupisha maji. Habakuki aliporudi kibaruani siku ile alimkuta mama yake amekaa kizingitini, anacheka peke yake.

"Serikali imeikumbuka katani," alimwambia. "Nilijua ipo siku."

Vijana siku hizi husema mkonge. Lakini bibi huyu alizaliwa kambini, akakata majani shambani mpaka mgongo ukapinda, na kwake mmea ule ulikuwa katani toka mche hadi kamba. Wala hakuwa peke yake. Mji mdogo wa Kwemtindi, huku kati ya Korogwe na Handeni, umejaa wajukuu wa manamba, wale vibarua walioletwa kukata mkonge, na Bondeni nzima ilisikia alichosikia yeye. Watu waliingia kwenye shamba la zamani lililoachwa, wakang'oa maotea ya mkonge, wakayabeba vichwani huku miba ikiwachoma masikio. Habakuki alipanda safu mbili zilizonyooka kama uzi. Akachimba shimo, akalijaza kokoto, akamwongoza mama yake mpaka pale ili aliguse kwa mguu.

Sasa akatoka nje. Mkonge ulikuwa umesimama wima, unachuruzika maji. Akashusha pumzi.

Mkaguzi hakukawia. Alikuwa kijana aitwaye Dennis, bwana mazingira wa mji, buti mpya, simu mkononi, kopo la rangi na brashi vinaning'inia kwenye vidole vya mkono wa pili. Mzee Mhina, mwenyekiti wa mtaa, alimfuata nyuma kama mtu anayepelekwa.

"Shikamoo, mzee," Dennis akamwamkia Habakuki.

"Marahaba, bwana. Karibu. Shimo lile pale."

"Shimo safi. Miche iko wapi?"

"Si hiyo hapo miguuni pako?"

Dennis akatazama chini, akatazama mtaro wote hadi unapokata kona. Kila nyumba, mkonge. "Hii mikonge nimeiona toka kule juu, nikasema labda ni ua. Nauliza miche."

"Ndiyo yenyewe. Mlitangaza tupande miche ya katani."

Kicheko kikamtoka kijana, akainama, akajishika magoti. "Katani, mzee! Kwenye kata! Miche ya pale ofisi ya kata! Vetiva, zile nyasi, na miti ya kivuli!" Akamgeukia Mhina. "Mwenyekiti, na wewe hukuwaambia?"

Mzee Mhina akaziangalia ndala zake. Hata kwake mkonge ulikuwa umeshika vizuri.

"Sasa unachocheka nini?" Jirani yao Zamda alikuwa amefika, kanga kiunoni, mkono una unga wa mandazi. "Kama ni ofisi, si mngesema ofisi? Uje Kwemtindi utamke katani, halafu utegemee tufikirie meza ya mtendaji wa kata? Wewe umezaliwa wapi, kaka?"

"Mama, mimi sikutangaza. Mimi nakagua."

"Na mkonge hauzuii maji?" Habakuki akauliza.

"Unazuia, hauzuii, sijui. Mwongozo haujautaja." Dennis alikuwa ameacha kucheka. Akamtazama mzee yule, akatazama anga. "Sikiliza. Naanzia ng'ambo ya mtaro, nitamalizia kwako. Nikirudi nikakuta nyasi zimepandwa, hata kama ni za leo, nitaandika zipo. Zaidi ya hapo nitafukuzwa kazi."

Habakuki hakusubiri kunywa chai. Alipanda kilima, matope hadi kwenye ugoko. Kwenye ofisi ya kata, binti wa mapokezi, Hajira, alimsikiliza akiwa anatafuna karanga.

"Babu, miche mbona iliisha zamani? Tulikaa nayo hapa, hakuna mtu wa Bondeni aliyekuja. Tukasema hawa watu hawataki maendeleo. Akaja mwenye gesti na gari lake, akabeba yote."

Gesti ile, nyumba ya wageni ya huko huko kilimani, Habakuki aliijua kuliko mwenyewe. Yeye ndiye aliyepanga matofali ya pevingi uani, akayagonga moja moja kwa nyundo ya mpira, akasifiwa kwa kutoacha upenyo hata wa kuchomeka sindano. Maji ya ua mzima ule, yakikosa pa kuingia, hushuka Bondeni.

Akaelekea huko. Getini kulikuwa na kibao kipya cha kijani: MDAU WA MAZINGIRA. Ndani, juu ya pevingi zake, vilipangwa vyungu vya saruji kila upande, na katika kila chungu nyasi za kata zilijikunja kwa raha.

"Kwa vyungu hivi wamemsamehe bosi ushuru," mlinzi, Enock, akamnong'oneza. Walishafanya kibarua pamoja. "Wamekuja na kamera, wamepiga makofi."

"Nipe vishina vichache tu, Enock. Naokoa nyumba ya mama."

"Bosi anavihesabu kila asubuhi. Nikikupa, mimi na wanangu tutakuja kulala kwako."

"Kwangu wapi?"

Enock akalifunga geti taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

Habakuki alipofika nyumbani mikono mitupu, Dennis alikuwa tayari ukutani, ameichovya brashi. Majirani walisimama mbali. Nyumba zao zilikuwa zimeshapakwa alama ya X, ya kuvunjwa.

"Sina ubaya na wewe, mzee," kijana akasema bila kugeuka.

"Najua. Na nyumba haina ubaya na wewe."

Brashi ikakwaruza udongo. Mstari wa kwanza ukashuka, mwekundu, unachuruzika.

"Habakuki!" Bibi Grasiana aliita kutoka ndani. "Nasikia brashi. Wanafanya nini?"

Habakuki akasogea mlangoni. "Wanapaka rangi, mama."

"Wanapaka nyumba yetu?" Sauti ya bibi ikapanda kama ya msichana. "Basi wameridhika! Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu nzuri. Baba yako alikufa anaitamani nyumba ya rangi. Waambie wasiishie mbele tu, waje na huku chumbani kwangu."

Brashi ilisimama hewani. Zamda akajiziba mdomo kwa kanga. Kisha Dennis akavuta mstari wa pili haraka haraka, ukaukata wa kwanza, akaokota kopo na kuondoka bila kuaga. Mzee Mhina akamfuata.

Habakuki akaingia ndani, akachutama mbele ya kitanda, akaishika mikono ile iliyojaa makovu ya miba.

"Wao hawafiki huku, mama," akasema kwa sauti kubwa, na waliokuwa njiani wakamsikia. "Nitapaka mimi. Ukuta mzima, mbele, nyuma, mpaka hapa unapolala. Nakuahidi, kesho jua likitoka, hakuna atakayeona alama yao kwenye nyumba yako."