Sababu ya Kufungua

Wifi yangu alipoacha kuniuliza habari za mtoto, ndipo nilipoanza kumchukia hasa. Tangu niolewe na kaka yake, hatukuonana bila yeye kunichungulia tumbo na kucheka, "Wifi, shangazi mtu nitangoja mpaka nizeeke?" Nilizoea, hata nikawa na majibu yangu. Kisha ghafla kimya. Akaanza kuniita "mdogo wangu" kwa sauti ya msibani na kuniletea matunda. Nikajua kuna jambo ameambiwa, na wa kumwambia ni mmoja tu.

Mume wangu na dada yake ni chanda na pete. Dada akipiga simu, kaka anatoka nje kuzungumza. Mimi ninayelala naye kitanda kimoja hupewa habari zikiwa zimepoa.

Basi asubuhi moja nipo kazini, hospitalini, kwenye meza ya wauguzi, nikawaona wakitoka chumba cha daktari. Wifi kamshika mkono. Wakapita ukumbi mzima bila kuniona. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Mwenzangu," akasema muuguzi tuliyempa jina la Chiriku kwa kutofunga mdomo, "yule si shemeji?"

"Ndiye."

"Mbona hujatuambia anaumwa?"

Ningemwambia nini, kwamba hata mimi ndiyo kwanza nasikia? Nikavuta kompyuta, nikaandika jina la mume wangu. Likatokea onyo jekundu: Faili hili limefungwa kwa ombi la mgonjwa. Ndugu anayeruhusiwa kupewa taarifa: dada. Hufunguliwa kwa dharura ya matibabu tu. Andika sababu.

Dada! Mimi ninayefua soksi zake nimefungiwa mlango, wifi kaachiwa ufunguo.

"Usiguse," Chiriku akanong'ona. "Watakufukuza kazi."

"Ni mume wangu."

"Mume wako ni huko nyumbani. Hapa ni mgonjwa, tena si mgonjwa wako."

Wauguzi tukiwa na haraka, kwenye nafasi ya sababu huwa tunaweka nukta tu, na mfumo unakubali. Ningeweka nukta na mimi. Lakini wivu hautaki kujificha, unataka ujulikane. Niliandika: Mimi ndiye mkewe. Nikabonyeza.

Maelezo ya daktari yalikuwa mafupi. Vipimo vimerudiwa, mbegu za uzazi hazionekani. Mgonjwa amelia sana, ametulizwa na dada yake. Mkewe ni muuguzi hapa, kwa hiyo faili lifungwe. Mgonjwa ameomba nafasi ya kumweleza mwenyewe.

Mstari wa mwisho niliusoma vizuri tu na nikauelewa. Macho yakarudi kwenye ule wa kulia. Mume wangu hajawahi kutoa chozi mbele yangu, hata siku tuliyomzika baba yake. Kumbe machozi anayo, ila nayo yana mwenyewe.

Simu yangu ikaita. Ni yeye. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba faili lililofungwa likifunguliwa, mgonjwa hutumiwa ujumbe papo hapo, na sababu iliyoandikwa, neno kwa neno.

"Mimi ndiye mkewe," alinisomea polepole. "Umesoma yote?"

"Yote."

Nyuma yake nikamsikia wifi akiuliza, "Nani huyo?" Nikasikia akisogea mbali naye.

"Nilikuwa nije nikwambie leo," akasema. "Njia nzima napanga maneno, nikwambieje usije ukaniacha. Sasa nikwambie nini?"

Ya kumjibu yalikuwepo. Kwamba simwachi. Kwamba tutaishi hata wawili. Naapa yalikuwa mdomoni kabisa, yanangoja kutoka.

"Niambie," nikasema, "kwa nini ulilia mbele yake."

Akakata simu.