Filamu Iliyopita Mikono Miwili

Kaka mtu alikuwa fundi saa, na dada yake mwenye duka dogo la kusafishia picha. Tangu ujana walikuwa na mchezo wao. Kaka anapiga filamu nzima, anairudisha nyuma lakini ulimi wa filamu, ile ncha ya mwanzo, anauacha nje, anauchora mstari wa kalamu, kisha anampa dada. Dada anaipachika kwenye kamera yake, analinganisha mstari, anapiga tena juu ya picha zile zile. Kuulizana umepiga nini ilikuwa marufuku. Siku ya kusafisha ndipo wanaona kipi kimekutana na kipi. Kuna mwaka mjomba wao alitokea pichani na kichwa cha mbuzi mabegani, hakuwasemesha mwezi mzima.

Kaka akaanguka kazini, hakuinuka.

Wiki moja baada ya kumzika, wifi alikuja dukani. Hakuketi.

"Wifi, ile filamu ya mwisho aliyokuletea. Kabla ya kukuletea aliiweka kamera rafuni, ikampiga yenyewe. Alikuwa ametoka kunyoa, akaniambia, 'Mama watoto, leo nimetakata.' Watoto hawana picha yake nyingine, kila siku mpigaji yeye. Isafishe hivyo hivyo. Usipige juu."

Dada mtu aliitazama kamera yake iliyokuwa juu ya kaunta. Namba ya picha ilisimama kwenye thelathini na sita, filamu imekwisha.

"Nimeshapiga," alisema.

"Lini?"

"Asubuhi ya mazishi. Niliiona ina mstari, mikono ikafanya. Akili yangu haikuwepo."

Wifi alishika ukingo wa kaunta. "Ulipiga nini?"

"Sikumbuki. Vilivyokuwa mbele yangu."

Wakaingia wote chumba cha giza. Dada mtu alitia filamu ndani ya kopo, akamimina dawa, akawa anapindua kopo kila dakika, kama mtu anayepindua chapati za jirani. Alingoja moyo umdunde. Haukudunda. Alichosikia ni miguu kuuma.

Filamu ilipokauka aliipitisha kwenye taa. Mlango, na juu yake ndala. Barabara yenye bomba la maji katikati. Picha ya ishirini na mbili ikawa kaka, shati jeupe, na kuanzia kifuani hadi kwenye jicho moja vikombe vimerundikwa kwenye beseni. Kilichosalia wazi ni paji la uso, jicho moja na sikio.

Aliichapa kubwa, akampa wifi ikiwa bado na maji.

Wifi aliishika kwa ncha za vidole.

"Vikombe, wifi? Mume wangu umempakia vikombe?"

"Vya watu waliokuja kutupa pole. Hakuna aliyeviosha."

"Na wewe badala ya kuviosha ukavipiga picha."

"Ndiyo."

Wifi alitoa sauti, nusu kicheko, nusu kitu kingine, akajifuta pua kwa kiganja. "Sikio ni lake. Lile lililokunjika." Akaisogeza karibu na taa. "Na jicho linakutazama kama linasema umechelewa."

"Nikuchapie nyingine?"

"Tatu. Kila mtoto na yake, wasije wakagombana. Wakiuliza vikombe, nitawatuma kwa shangazi yao."

"Watume."

Dada mtu aliweka karatasi nyingine chini ya taa ya kuchapia. Alihesabu sekunde kwa sauti, moja hadi kumi na nne, mara tatu, wifi akimshikia sinia ya dawa isimwagike.