Jibu la Kutumwa

Obiero alikuwa mtu wa utaratibu. Hata barua ya kumpelekea mama yake huko Siaya hakuianza kabla ya kuchora mstari wa pambizo kwa rula. Tabia hiyo ilimfaa: ilimfikisha Stockholm kusomea uhandisi wa maji, na alipomaliza ikampatia kazi Sundbyberg, katika ofisi ya kuchora ramani za mabomba. Bomba lina subira, litakungoja mpaka upime mara ya tatu. Bahati mbaya mambo mengi ya dunia si mabomba.

Damalie, mpenzi wake, alikuwa Mganda, muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee, huku akisomea uuguzi kamili. Alikimbia kwao akiwa msichana mdogo pamoja na kaka yake Erukana, wakaishi Nairobi miaka kadhaa kabla ya Sweden kuwapokea, ndiyo maana Kiswahili kilimtoka bila shida. Alikutana na Obiero kwenye ibada ya Kiswahili ya kila mwezi, ambako Wakenya, Waganda na Warundi waliimba pamoja, kila mtu kwa matamshi ya kwao. Mapenzi yao yalikuwa siri, ila siri ya aina ile inayojulikana na watu wote isipokuwa Erukana.

Jumapili moja ya Machi, mwaka 1984, Damalie alimsindikiza Obiero hadi stesheni ya Spånga, karibu na alipoishi. Theluji ilikuwa inayeyuka, viatu vyao vimelowa.

"Nina mimba," Damalie alisema. "Sheria ya huku inaniachia mimi niamue kuzaa au kutozaa, na mimi sijaamua. Nakuuliza wewe. Unasemaje?"

Moyo wa Obiero uliruka kwa furaha. Alimtaka mtoto yule palepale, kabla hata treni haijatokea kwenye kona, na alimtaka na mama yake. Angesema hivyo tu, maneno mawili matatu, hadithi hii isingekuwa na haja ya kusimuliwa. Lakini kwao Obiero mwanamume mwenye adabu hajiposei. Neno la ndoa likitoka kinywani mwake mwenyewe ni upepo. Likibebwa na mshenga, mtu mzima mwenye heshima zake, ndipo linapokuwa neno. Baba yake alifanya hivyo, na kaka zake wote. Damalie alistahili heshima hiyohiyo, tena na zaidi.

"Nimesikia," alisema. "Nipe muda kidogo. Utapata jibu."

Utapata jibu! Karani wa ofisi ya ardhi hangesema vizuri zaidi. Treni ikaja, Damalie akamtazama kwa muda mrefu, kisha akageuka kurudi nyumbani.

Jioni hiyohiyo Obiero alikwenda kwa Mzee Solomon, Mkenya aliyetangulia wengi kufika Sweden, mpatanishi wa kila ugomvi na mshenga wa kila posa. Mzee alimsikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umefanya vyema kuja," alisema. "Huyu binti hana baba hapa, ana kaka. Na kwa Waganda kaka wa bibi harusi hupewa jogoo. Hatuwezi kwenda mikono mitupu."

"Jogoo tutampata wapi, mzee?"

"Hiyo ni kazi yangu. Wewe kazi yako ni kukaa mbali. Posa ikiwa njiani, bwana harusi hajipitishipitishi mlangoni kwa watu."

Basi mzee akaanza kumtafuta jogoo. Stockholm kuna kuku wengi, wote wamekufa, wamekatwakatwa na kufungwa kwenye nailoni. Mzee hakutaka wa nailoni. Wiki ya kwanza ikapita akipiga simu, ya pili akizunguka mashambani kwa basi, akiwaeleza wakulima wa Kiswidi kwa nini alitaka jogoo aliye hai na mwenye sauti. Obiero naye alikaa mbali kama alivyoagizwa. Haraka haraka haina baraka, alijiambia, akasahau kwamba wahenga haohao waliosema hivyo ndio waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mara moja tu Damalie alipiga simu ofisini kwake.

"Umefikiria lile jambo?"

"Usiwe na wasiwasi," Obiero alimjibu, akitabasamu mbele ya ramani zake. "Mambo yanakwenda vizuri."

"Mambo gani?"

"Utaona mwenyewe."

"Haya," Damalie alisema, akakata simu. Obiero aliona amemwekea furaha akiba.

Jogoo akapatikana. Jumamosi Mzee Solomon alimbeba ndani ya kikapu hadi Upplands Väsby, nyumbani kwa Erukana, na kwa kuwa mshenga mwema hafichi kitu, alieleza yote, na mimba pia. Erukana alifoka, akasali, mwishowe akampokea jogoo. Alichotaka ni harusi ifungwe kabla tumbo halijaonekana.

Obiero alipopata habari hizo alivaa suti, akapanda treni ya Spånga. Damalie alifungua mlango akiwa amejifunga shali, midomo imemkauka.

"Kaka yangu amenipigia simu," alisema kabla Obiero hajakaa. "Nimeijua harusi yangu kwa simu. Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba nilikwenda hospitali juzi."

Obiero alishika ukingo wa meza.

"Bila kuniambia? Damalie, mimi si baba? Nchi gani hii, baba hana hata neno?"

"Sheria haikunilazimisha kukuuliza," Damalie alisema polepole. "Nilikuuliza kwa hiari yangu. Neno ulikuwa nalo, Obiero. Ukampa Mzee Solomon."

Majuto ni mjukuu, watu husema, na hujulikana mwishoni. Yalimfika Obiero akiwa ndani ya suti, tai imemkaba, na hapo ndipo ulimi wake ulipofunguka. Alimwambia kwamba alimtaka mtoto yule, kwamba alimtaka yeye, kwamba alitaka tangu pale stesheni. Alilia, tena bila kujificha. Damalie naye alilia.

"Ungeniambia siku ile, sijui ningeamua nini," alisema. "Huenda ningekwenda vilevile. Masomo yangu hayajaisha, na niliogopa. Lakini ningekwenda nikijua tupo wawili. Nililala kitandani pale nikidhani umenikimbia."

Damalie alifuta uso kwa ncha ya shali.

"Erukana anapanga harusi ya haraka kwa ajili ya mtoto. Nani atamwambia?"

"Nitamwomba Mzee So..." Obiero alianza, kisha akanyamaza. Alichukua koti lake akatoka.

Huko Upplands Väsby, Erukana alimfungulia mlango kwa bashasha, akatazama nyuma yake ngazini.

"Karibu, shemeji. Mzee yuko wapi?"

"Nimekuja peke yangu," alisema Obiero. "Mtoto hayupo tena. Damalie aliniuliza, mimi nikanyamaza. Kama kuna mtu wa kukasirikiwa, usimtafute dada yako. Ni mimi hapa."