Programu ya Kumsemea Mama

Ugonjwa ulianzia kwenye ulimi. Mama, mwalimu mstaafu ambaye akifundisha darasa moja, hata la jirani lilisikia, akaanza kuburuta maneno, kisha yakakatika kabisa. Daktari hakuwaficha watoto wa mama: baada ya ulimi ingefuata mikono.

Kitinda mimba, aliyebatizwa Injinia kwa kuwa aliandika programu za kompyuta na hakuchoka kuwakumbusha watu, aliahidi kumtengenezea mama programu ya kumsemea: anagusa neno kwenye simu, simu inatamka. Dada yake, ambaye ndiye aliyemwogesha mama na kumlisha, akamwambia kitu hicho kipo tayari, cha bure, kimetengenezwa na watu wengi kwa kujitolea. Kilichokosekana ni Kiswahili tu, na wenyewe walikuwa wakiomba mtu wa kukiongeza.

"Kiongeze basi, mdogo wangu. Mama anaongea na mimi kwa macho, na mikono yake haitatusubiri."

Injinia aliichungulia ile kazi ya watu, akakunja uso. Imejaa viraka, alisema. Yeye angeanza yake, safi, tangu mwanzo. Kwamba alitaka na jina lake likae juu peke yake, hilo hakulisema. Lakini nembo ilikuwa tayari kabla programu haijatamka hata neno moja.

Miezi ikayoyoma. Dada akiuliza, jibu lilikuwa lile lile, bado kidogo. Mama alipomwona Injinia na kompyuta yake alitabasamu, akagusagusa meza kwa kidole, anajizoeza.

Siku Injinia alipoileta, programu ilikuwa nzuri kweli, tusimnyime haki yake. Alimwekea mama simu mapajani. Kidole kikatetemeka, kikagoma. Injinia akauinua ule mkono, akauweka juu ya kioo, akauachia, nao ukateleza hadi kwenye shuka. Dada alitoka chumbani.

Ndipo Injinia alipoifungua ile programu ya wengi akaongeza Kiswahili. Kazi aliyoikwepa muda wote huo ilimalizika kwa wikiendi moja, na aliimaliza akilia. Punde ukaja ujumbe wa mtu asiyemjua: "Asante sana, ndugu. Leo mke wangu ameniambia nimenyoa vibaya. Tumecheka mpaka basi."

Injinia alikaa ukingoni mwa kitanda, akamsomea mama ujumbe ule, kisha akamwomba msamaha. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na jambo la kumwambia, hilo lilionekana wazi, na hakuna aliyepata kulijua.