Mshenga Mpiga Besi

Twalibu alirudi kutoka Kibondo anacheka, na papo hapo nilijua kuna jambo ameliharibu. Mtu huyu akifanya kitu sawasawa huwa ananuna.

Nilimtuma awe mshenga wangu kwa wazazi wa Asmahani, Mzee Hilali na mkewe. Mposaji mwenyewe haendi. Anakaa mbali, akisubiri maneno ya mwenziwe yamjenge au yambomoe. Ningemtuma nani mwingine? Tumesoma pamoja hapa Kasulu, tukaanzisha Heru Jazz pamoja, yeye besi, mimi saksafoni. Jumamosi hiyo ya posa bendi ilipiga Kakonko bila besi, watu wakakaa vitini wakinywa soda badala ya kucheza. Aibu niliyoipata naijua mwenyewe.

"Wamekubali," alisema. "Mzee Hilali hakusumbua hata kidogo."

"Umemwambia nini?"

"Aliuliza kazi yako. Nikamwambia muziki umeuacha, siku hizi unauza vipuri vya pikipiki."

"Nani kaacha muziki?"

"Bwana we, nimekupatia mke. Shukuru."

Nilitaka kumzaba kofi. Maneno ya mshenga ni maneno yangu, na sasa nyumba nzima ya watu ilikuwa imeyapokea. Simu yangu ilikuwa imezima, nikamnyang'anya yake nikampigia Asmahani, nimwombe radhi kabla mambo hayajafika mbali. Yeye angenielewa. Kwa miaka miwili kila nilipotunga kitu kipya nilimpigia saksafoni kwenye simu, naye alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," alisema kabla sijamaliza salamu. "Nimeyasikia yote. Nuru, nimelia kwa furaha. Siku zote nilikuwa naogopa kukuomba uache."

Nilikaa chini. Hasira niliyomwandalia Twalibu ilikosa pa kwenda, ikanirudia mwenyewe. Miaka miwili, na sikuwahi kumuuliza kama anapenda anachosikia.

"Sijaacha," nilimwambia. "Jumamosi ijayo tunapiga huko huko kwenu."

Nikasikia mama yake akimwita jikoni.

"Basi usiniambie mimi," alisema. "Aliyeleta maneno kwa baba ndiye aje ayachukue."

Akakata simu. Twalibu alikuwa ameyasikia yote, akanisihi nilale kwanza nifikirie. Nikamwambia apande gari la kwanza kesho asubuhi, arudi Kibondo akaseme kwamba bado napiga.