Fahali wa Televisheni ya Pili

Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, Mustafa alikuwa akipangusa vumbi kwenye televisheni zake tatu kwa fulana ya timu aliyokwisha kuacha kuishabikia. Chumba chake cha gemu kiko mtaa wa Amalemba, kati ya kinyozi na mama anayeuza githeri, na siku hiyo kilijaa hadi mlangoni. Watu walikuwa wakibishana kuhusu mafahali.

Gemu yenyewe ilikuwa ya Navalayo, mwanamke wa miaka ishirini na sita aliyesomea kompyuta katika chuo cha Sigalagala na ambaye hutengeneza simu kwenye meza ndogo nje ya chumba hicho hicho. Aliitunga kwa miaka miwili. Unachagua fahali, unaingia naye uwanjani, mnasukumana na fahali wa mwenzako mpaka mmoja ageuze mgongo akimbie, kama inavyofanyika kijijini kwao. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Navalayo aliwaweka kumi na wawili kwenye kadi ya kumbukumbu ndogo kuliko ukucha, na hakuna aliyelalamika.

Upande mmoja ulisema kumi na wawili ni raha, maana ukichoka na Tingatinga mweusi unamchukua Askofu mwenye shingo nyeupe na ni kama umeanza upya. Upande wa pili uliongozwa na Ashley, msichana wa kidato cha tatu ambaye hakuwa ameshindwa tangu Pasaka. Yeye alisema ni rangi tu. Ili kuthibitisha, alicheza mara kumi na mbili, kila mara na fahali mwingine, huku mkono wa pili ukishika hindi la kuchoma. Alishinda zote kwa kubonyeza vitufe vile vile vitatu. Mustafa akajitetea kwamba rangi nayo ni kitu, kwani nani angeingia dukani kama leso zote zingekuwa nyeupe? Huko nje Navalayo alisikia kila neno, na bisibisi ikamteleza mkononi.

Kwake yeye gemu ile haikuwa mchezo. Baba yake alikuwa na fahali aitwaye Jirani, jina alilolipata udogoni kwa sababu alishinda kutwa kwenye mashamba ya watu. Navalayo ndiye aliyemlisha miaka sita, majani ya nepia na vilele vya miwa na molasesi siku za sherehe. Ndiye aliyemwosha kila alfajiri ya pambano. Lakini kule kwao mwanamke haongozi fahali uwanjani. Hata kutazama haruhusiwi. Wanawake hukaa nyuma ya ua wa michongoma na kusikiliza. Baba alipofariki, fahali alipewa Nehemiah, kaka yake Navalayo, mtu mwema sana anayeogopa ng'ombe hata wa kwenye pakiti ya maziwa. Nehemiah alimuuza kabla wiki haijaisha. Navalayo alilia, kisha akafungua kompyuta. Alitaka kushika kamba ya fahali wake mwenyewe, watu wakitazama, na jina lake litangazwe. Hakutaka kingine, na hicho alikitaka sana.

Basi Jumamosi hiyo bibi yake, Kukhu Khalayi, alikuja kuchukua simu yake iliyokuwa ikichajiwa. Aliketi kwenye benchi na kuzipa televisheni mgongo, kwa mazoea tu. Ashley alipofika fahali wa nne, Kukhu aliuliza ni nani huyo anayebadilisha ngozi kila saa.

"Ni kumi na wawili, Kukhu," Mustafa alimweleza kwa adabu.

"Hapana. Hii ni ng'ombe moja. Nasikia miguu."

Hakuna aliyembishia. Kukhu alikuwa amesikiliza mapambano kutoka nyuma ya ua kwa miaka sitini bila kuona hata moja. Kwa mshindo wa kwato tu aliweza kukuambia nani amekimbia, nani ana mwiba mguuni, na ni mwenye fahali gani aliyebania molasesi.

Navalayo alinuna siku tatu. Siku ya nne alimfuata bibi yake nyumbani, akamkuta akichambua maharagwe, akamwuliza fahali mmoja hutofautiana vipi na mwingine kama si kwa rangi wala nguvu. Kukhu alisogeza ungo. Akaanza kuipiga mishindo ya mafahali kwa vidole na viganja juu ya benchi, mmoja baada ya mwingine, wa mwaka huu na wa zamani. Huyu hukimbilia kona. Huyu hupigana vizuri tu akiwa ametukanwa. Wa mwisho alikuwa Jirani, na mkono wa Kukhu ulipunguza mwendo. Jirani alikuwa na heshima zake: kwanza alimnusa mpinzani, kisha akauzunguka uwanja mzima, ndipo akasukuma, mara moja tu. Mtu akimharakisha, alilala chini.

"Ng'ombe ingine inafundishanga mtu kusukuma," Kukhu alisema. "Hiyo yenu ilikuwa inafundishanga mtu kungoja."

Alipoondoa mikono, kwenye benchi zilibaki alama za kwato. Kuku walikuja kuzidonoadonoa, wakaona hamna kitu, wakaenda zao.

Navalayo alimwondoa fahali mmoja kwenye gemu na kumweka Jirani, kahawia, pembe ya kushoto imepinda kidogo. Ashley alibonyeza vitufe vyake vitatu na Jirani akalala. Alishindwa mara saba mfululizo. Mara ya nane aliweka kidude cha kuchezea magotini na kukunja mikono kama yuko kanisani. Jirani akanusa, akazunguka, na Tingatinga alipochoka kurukaruka, akamsukuma mara moja hadi nje ya uwanja. Chumba kizima kilipiga kelele. Ashley alipopata nafasi ya kusikika alitangaza kwamba sasa gemu ina mafahali wawili. Mustafa alisema hata wawili si haba.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi alasiri, Jirani alitoka kwenye televisheni ya pili. Zilitangulia pembe, kisha mabega, ambayo yalikwama kidogo kwa sababu televisheni ilikuwa ya inchi thelathini na mbili. Mustafa aliondoa nyaya sakafuni asijikwae. Waliokuwa wakicheza kwenye televisheni ya kwanza walisogeza miguu na kuendelea. Kwenye gemu, pale alipokuwa akisimama Jirani, palibaki majani yaliyolalia upande mmoja. Kitu pekee kilichomkera Mustafa ni kinyesi kwenye kapeti, na kinyozi alimwazima koleo.

Navalayo alitoka mezani kwake, akasimama mlangoni. Jirani alimnusa kiganja, akamzunguka mzunguko mzima, na mwanamke yule akaweka paji la uso wake kwenye shingo ya fahali na kubaki hapo mpaka mteja wa simu alipokohoa. Alifurahi kiasi cha kusahau kioo cha simu ya mtu juani.

Afisa wa mifugo alikuja kumchanja. Alipouliza mnyama ametoka wapi aliambiwa televisheni ya pili, naye akaandika Amalemba. Jirani alipelekwa kijijini kwa miguu, akala nepia, akaingia shamba la watu siku ile ile. Alikuwa ng'ombe kama wengine, ila kivuli chake kilimfuata kwa kuchelewa, na akisimama sana kaduara kadogo, kama kale ka video inayongojewa kufunguka, kalizunguka juu ya paji lake. Watoto walikafukuza kama nzi.

Pambano lilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kamati ya uwanja ilikaa wiki moja kabla, chini ya mwenyekiti wake, mzee Osiako. Kikao kilichukua saa tatu. Suala la kwanza, kama fahali aliyetoka kwenye televisheni anaruhusiwa kupigana, lilimalizwa kwa dakika mbili: ana pembe, ana miguu minne, amechanjwa. Muda uliosalia ulitumika kwa suala la pili, kwa sababu Navalayo alikuwa amesimama mbele yao na kusema kwamba kamba ataishika yeye.

Osiako alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa mzee mpole, na aliwahi kumbeba Navalayo mgongoni siku mto ulipofurika. Nje, kwenye dirisha, Jirani alikuwa akichungulia, kaduara kakizunguka.

"Msichana wangu," Osiako alisema mwishowe, "mwanamke kushika kamba ni kitu haijawahi kuonekana. Tukianza kukubali vitu haijawahi kuonekana, tutafika wapi?"

Wajumbe walitikisa vichwa. Jirani alitikisa pia, lakini yeye alikuwa na nzi.

Nehemiah aliitwa kutoka Kisumu, anakouza vitanda. Alifika saa mbili asubuhi akiwa amevaa buti za mvua, akamwomba dada yake msamaha mara tatu, akapewa kamba. Ngoma za isukuti zilikuwa zinalia tangu alfajiri. Mpinzani alikuwa Komando, fahali wa Osiako mwenyewe, ambaye alikuwa ameng'oa nguzo moja ya goli akisubiri. Navalayo alienda nyuma ya ua, akakaa kando ya Kukhu.

"Anamnusa," Kukhu alisema, akiwa ameupa uwanja mgongo.

Navalayo alifunga macho. Alisikia kwato za Komando zikipasua udongo, na kelele za wanaume wakimtaka Nehemiah amchape fahali wake, amsukume, afanye kitu. Nehemiah hakufanya kitu. Alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba kabisa, akisoma Zaburi. Katika miaka yote ya uwanja ule hakuna mtu aliyewahi kumngoja fahali kwa utulivu kama huo.

"Anazunguka," alisema Navalayo. Kukhu alimtazama, akatabasamu.

Jirani alimaliza mzunguko wake, kivuli kikafika nyuma yake. Kisha mshindo ukasikika mara moja. Komando alionekana baadaye karibu na soko la Khayega, akila mboga za mtu.

"Nehemiah!" kipaza sauti cha Osiako kililia, na sauti ya mzee haikuwa na kinyongo hata chembe. "Nehemiah na fahali wake!"

Walimbeba Nehemiah juu juu. Alikuwa bado amefumba macho. Jirani aliachana nao, akauendea ua, akapenyeza pua kati ya miiba na kunusa mpaka akakipata kiganja alichokuwa akikitafuta. Wanawake walicheza upande wao wa ua na wanaume upande wao. Navalayo alicheza mpaka kiatu kikakatika. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimuuma, na hakuweza kutenganisha moja na nyingine.

Kukhu alimwambia, "Ng'ombe siku hizi ni tofauti tofauti, hata mimi nakubali. Lakini hawa wanashikanga kamba, tangu niolewe hapa nimesikia miguu ya mtu mmoja tu."

Kamati ilikaa tena mwezi uliofuata, maana vijana wengine walikuwa wameanza kununua televisheni kubwa. Ilitunga sheria saba mpya kuhusu mafahali wa televisheni: umeme uzimwe pambano likianza, kaduara kasihesabiwe kuwa ni pembe ya tatu, na mengine ya namna hiyo. Navalayo ndiye aliyeombwa kuziandika, kwa sababu ana mwandiko mzuri. Sheria ya kamba haikuguswa.

Kwenye gemu Navalayo aliongeza waongozaji sita wa kuchagua, wanne kati yao wanawake, kila mmoja na mwendo wake. Kukhu aliwapitisha wote kwa masikio. Ashley humchagua yule mfupi mwenye leso ya njano, na hajashindwa naye. Lakini uchague nani au nani, ukishinda, televisheni zote tatu hutangaza jina la Nehemiah. Navalayo ameikagua gemu mara tano. Jina alilolichapa mle ni lake.

Jumamosi ya pambano lililofuata alimwosha Jirani alfajiri, akamlisha, akamsindikiza hadi kwenye lango la uwanja. Pale alimkabidhi kaka yake kamba na kumkumbusha kufumba macho. Halafu akazunguka nyuma ya ua, ambako Kukhu alikuwa amemwekea nafasi kwenye gogo. Navalayo alikaa, akaupa uwanja mgongo, akaanza kusikiliza.